Namibia: Jangwa na Watu Walioyajua Mawe Yake

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Afrika uitandaze mezani. Weka kidole chako Dar es Salaam, kisha ukitelemshe upande wa kusini-magharibi, uvuke Zambia, hadi ufike kwenye ukingo wa bahari ya Atlantiki. Hapo utaikuta nchi pana iliyopakwa rangi ya mchanga. Hiyo ndiyo Namibia. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 824,000, si dogo sana kuliko la Tanzania, lakini watu wake wote waliohesabiwa mwaka 2023 walikuwa milioni 3 tu. Ni wachache kuliko wakazi wa jiji la Dar es Salaam peke yake.

Sababu ya uchache huo ni ukame. Pwani yote ya nchi hiyo imetandwa na jangwa la Namib, mojawapo ya majangwa ya kale kabisa duniani, na upande wa mashariki lipo jangwa la Kalahari. Jina la nchi lenyewe limetokana na jangwa hilo la pwani. Mvua ni haba, na mito mingi ni mikavu karibu mwaka mzima.

Hata hivyo, nchi ambayo mkulima huikimbia ndiyo ambayo mtaalamu wa miamba huipenda. Kwetu Usambara au Uluguru, mwamba umefunikwa kwa misitu na udongo mzito, na anayetaka kuuona hana budi kuchimba shimo. Namibia hapana kifuniko. Milima imesimama mitupu, tabaka juu ya tabaka, mfano wa kurasa za kitabu kilichoachwa wazi juani. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia moja wanajiolojia wa mataifa mengi wamekwenda huko na nyundo zao, na elimu waliyoipata imeibadilisha namna dunia nzima inavyoifahamu historia ya sayari yetu.

Lakini ipo historia nyingine ndani ya historia hiyo, nayo ndiyo tunayokualika uifuate leo. Ni habari ya nani aliyaona mawe hayo kwanza, nani aliandikwa kuwa ndiye aliyeyagundua, na nani alikula matunda yake.

KILIMA CHA KIJANI

Tuanzie kaskazini. Ukitoka Windhoek, mji mkuu, ukaifuata barabara ya kaskazini kwa zaidi ya kilometa 400, utafika Tsumeb. Ni mji uliozaliwa na mgodi. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1996, baada ya kuchimbwa kwa karibu miaka 90, lakini sifa zake hazijafa. Humo zilitoka shaba, risasi na zinki, pamoja na aina zaidi ya 200 za madini mbalimbali, nyingine hazijapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Ingia katika jumba lolote kubwa la makumbusho huko Ulaya au Marekani, na katika kabati la madini hutakosa jiwe lenye kibandiko cha Tsumeb.

Kabla ya mgodi palikuwa na kilima. Shaba iliyo karibu na uso wa ardhi, ikipigwa na hewa na maji kwa miaka mingi, hugeuka kuwa jiwe la rangi ya kijani. Hivyo kilima kizima kilikuwa cha kijani katikati ya nchi ya kahawia. Wasan, ambao ndio wenyeji wa tangu na tangu wa eneo hilo, walikijua na kukilinda. Waovambo wa Ndonga walisafiri kutoka kaskazini kuja kubadilishana nao bidhaa, wakachukua mawe hayo hadi kwao, wakayayeyusha kwa moto wa mkaa na mivukuto, na kufua mapambo. Mwenye kulijua jiwe lipi lina shaba na lipi halina, na akaujua moto wa kuitoa, hakika ana elimu ya madini, hata kama hakupata kuiandika.

Mwaka 1851 wasafiri wawili kutoka Ulaya, Francis Galton na Charles John Andersson, walipita kwenye ziwa la Otjikoto, jirani na Tsumeb. Biashara ya shaba wakati huo ilikwisha kuwa ya zamani. Januari 1893 alifika Matthew Rogers, aliyetumwa na kampuni ya London, akakikagua kilima na kuandika taarifa ya kustaajabia rangi zake. Mwaka 1900 iliundwa kampuni ya Kijerumani ya migodi na reli, na mwaka 1906 reli ya kilometa 567 kutoka bandari ya Swakopmund ilifika Tsumeb. Kilima cha kijani kikaliwa kwa sururu, kikageuka shimo, na shimo likateremka chini zaidi ya kilometa moja.

Vitabu vingi huanza historia ya Tsumeb kwa jina la Rogers. Wasan na Wandonga hutajwa katika sentensi moja, ikiwa watatajwa.

Usiondoke kaskazini kabla ya kupita Grootfontein, safari fupi kutoka Tsumeb, ukaone jiwe lisilo la dunia hii. Mwaka 1920 mkulima mmoja alikuwa akilima kwa plau, na plau ikagota juu ya kitu kigumu. Udongo ulipoondolewa kikaonekana kipande kikubwa cha chuma chenye nikeli. Hicho ndicho kimondo cha Hoba, chenye uzito upatao tani 60, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Sisi tunajivunia kimondo chetu cha Mbozi, na tuna haki, lakini hicho chetu kinakadiriwa kuwa na tani 16 tu. Watu walianza kukikatakata cha Hoba wachukue vipande vya ukumbusho, mpaka kilipowekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1955.

BELESHI LA ZACHARIAS LEWALA

Sasa tushuke hadi kusini kabisa, kwenye bandari ndogo ya Lüderitz, mahali ambapo upepo hauchoki na mchanga huingia hata ndani ya chakula. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wajerumani walikuwa wakijenga reli kutoka bandari hiyo kwenda bara. Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Katika mwaka 1904 Waherero waliinuka dhidi ya utawala wa Kijerumani, na Wanama wakafuata, karibu wakati ule ule ambapo wazee wetu wa kusini walisimama katika vita ya Maji Maji. Ukatili uliofuata ulikuwa wa kuangamiza watu, na mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Mateka wa Kiherero na Kinama walifungiwa katika Kisiwa cha Papa, mbele ya bandari ya Lüderitz, na wengi wao walitolewa humo kwenda kujenga reli. Maelfu walikufa.

Reli ilipokwisha, adui yake akawa mchanga. Kila siku upepo uliifunika, na kila siku wafanyakazi walipaswa kuifukua. Mmoja wa wafanyakazi hao aliitwa Zacharias Lewala. Alikwisha kufanya kazi katika migodi ya Kimberley, Afrika Kusini, na macho yake yalikuwa yamezoea. Siku moja ya Aprili 1908, akiwa na beleshi lake karibu na Kolmanskop, aliona kijiwe kikimetameta katika mchanga. Alikijua mara moja. Akakipeleka kwa msimamizi wake, August Stauch, na kumwambia kwamba ni almasi.

Stauch alikuwa mtumishi wa reli tu, lakini alijua la kufanya. Alikipima kijiwe, akahakikisha, kisha kabla habari hazijavuma akajichukulia haki za kutafuta madini katika eneo hilo. Katika muda mfupi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa koloni. Utajiri huo haukudumu. Alikufa maskini huko Ujerumani mwaka 1947. Lakini Lewala, ambaye bila jicho lake kijiwe kile kingetupwa pembeni pamoja na mchanga, hakupewa tuzo wala sehemu ya haki hizo. Baada ya siku ile historia haimtaji tena.

Tafakari kidogo, msomaji. Lewala hakubahatika tu kukanyaga jiwe. Alikuwa na ujuzi alioupata kwa jasho lake mgodini, akautumia mahali ambapo mabwana zake walikuwa wamepita mara nyingi bila kuona kitu. Kilichomkosesha mali kilikuwa sheria. Mwafrika hakuwa na njia ya kuingia ofisini na kuandikisha kiwanja kwa jina lake.

Wala jambo hilo halikuwa la Namibia peke yake. Mwaka uliofuata, 1909, mabwana wale wale wa Kijerumani walianza kufukua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale huko Tendaguru, mkoani Lindi. Kazi iliendelea hadi 1913, na mifupa ikapelekwa Berlin, ambako imesimamishwa hadi leo. Wataalamu wa Kijerumani waliandikwa. Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika aliyeongoza wachimbaji na kuifahamu mifupa ile kwa mkono wake, anajulikana na Watanzania wangapi?

Habari za almasi zilipoenea, watu walimiminika Lüderitz. Mahali pengine almasi zilikuwa juu kabisa ya mchanga, hata hapakuwa na haja ya sururu. Vibarua walipangwa mstari wakatambaa kwa magoti, wakiokota. Septemba 1908 serikali ya koloni ilitangaza eneo kubwa la pwani, lenye upana wa kilometa 100 kutoka baharini, kuwa ni marufuku kwa mtu asiye na kibali. Mwenyeji akawa mkosaji kwa kutembea juu ya ardhi ya babu zake.

Kolmanskop pakajengwa mji wa Kizungu katikati ya jangwa, wenye hospitali, ukumbi wa michezo na kiwanda cha barafu, na maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Vibarua Waovambo waliishi mbali kidogo, katika mabweni ya manamba. Almasi zilipopungua watu walihama mmoja mmoja, na kufikia mwaka 1956 mji ulikuwa umebaki gofu. Leo watalii hulipa kiingilio wakaone vyumba vilivyojaa mchanga hadi madirishani.

ALMASI ZILITOKA WAPI?

Hapa ndipo wanajiolojia walipokutana na fumbo. Kwa kawaida almasi hupatikana ndani ya mwamba uitwao kimberlaiti, uliopanda kutoka chini sana ya ardhi kwa nguvu kama ya volkano. Ndivyo ilivyo Kimberley, na ndivyo ilivyo kwetu Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson alianzisha mgodi baada ya ugunduzi wa mwaka 1940. Pwani ya Namibia kimberlaiti ya namna hiyo haikuonekana. Wengine walidhani imejificha chini ya matuta ya mchanga, wengine wakadhani iko chini ya bahari.

Jibu lilikuja polepole. Erich Kaiser, aliyekuwa huko wakati wa vita kuu ya kwanza, aliyachora mawe ya jangwa hilo kwa makini na kutoa kitabu kikubwa mwaka 1926. Katika miaka hiyo hiyo Hans Merensky na Ernst Reuning walizikuta almasi nyingi kwenye fukwe za kale karibu na mdomo wa mto Orange, fukwe zilizobaki juu ya nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma, zikiwa zimechanganyika na makombe ya chaza.

Kisha wataalamu waliangalia ukubwa wa almasi, na ukubwa huo ukafichua siri. Karibu na mdomo wa mto almasi ni kubwa. Kadiri unavyokwenda kaskazini kando ya bahari, ndivyo zinavyozidi kuwa ndogo. Basi mto ndio mbebaji. Orange huanzia milima ya Lesotho na kukata Afrika ya kusini yote kwenda magharibi. Kwa mamilioni ya miaka mvua iliimega miamba ya kimberlaiti ya bara, mto ukabeba vipande hadi baharini, na mawimbi yanayopigwa na upepo wa kusini yakavisukuma kaskazini kando ya pwani. Zilizo nzito zilitua karibu, zilizo nyepesi zikafika mbali, na upepo ukazirusha nyingine hadi mabondeni. Haba na haba hujaza kibaba, na mto ule ulikuwa na muda wa kutosha kujaza vibaba visivyohesabika.

Safari hiyo ndefu ilikuwa pia chujio. Almasi yenye ufa ilivunjika njiani. Ndiyo maana zaidi ya asilimia 90 ya almasi za pwani hiyo ni safi za kutengenezea vito, ilhali katika migodi mingi sehemu kubwa hufaa kwa kazi za viwandani tu. Mchanga wenyewe wa jangwa la Namib, matuta yale mekundu unayoyaona katika picha, nao kwa sehemu kubwa uliletwa na mto huo huo.

Elimu hiyo ndiyo iliyoujenga mji wa Oranjemund, na baadaye ikawapeleka wachimbaji baharini. Leo almasi nyingi za Namibia hutolewa chini ya maji na meli zinazofyonza changarawe kutoka sakafu ya bahari.

WAWILI KORONGONI

Si kila mwanajiolojia aliyekwenda Namibia alitumwa na tamaa ya kampuni. Mwaka 1935 vijana wawili wa Kijerumani, Henno Martin na Hermann Korn, waliiacha nchi yao iliyokuwa imeangukia mikononi mwa Hitler, wakaenda kuchora ramani ya miamba ya milima ya Naukluft, kati ya Lüderitz na Windhoek. Vita ya pili ilipozuka, Wajerumani wa huko walianza kukusanywa na kufungwa kambini. Mwaka 1940 vijana hao walipakia gari lao, wakamchukua mbwa wao Otto, na kutoroka hadi korongo la mto Kuiseb.

Waliishi humo zaidi ya miaka miwili, wakilala chini ya miamba, wakiwinda na kufuata vidimbwi vya maji mahali ambapo mto ni mkavu karibu wakati wote. Waliendelea kuchunguza mawe hata katika maficho. Mwaka 1942 Korn aliugua kwa upungufu wa lishe, na ikawalazimu watoke. Mamlaka haikuwaadhibu vikali. Nchi yenye kiu iliwahitaji watu wanaojua maji hujificha katika mwamba wa namna gani. Korn alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1946. Martin aliishi miaka mingi zaidi, akawa mkuu wa idara ya jiolojia nchini humo, na mwaka 1965 akatoa kitabu kikubwa juu ya miamba ya kale ya Namibia, ambacho wanafunzi walikitumia kwa miaka mingi.

Tunawataja wawili hawa kwa sababu ni vyema kutenda haki. Elimu ya miamba si dhambi. Mtu anaweza kuipenda nchi ngeni kwa moyo safi, na kazi yake ikawafaa wenyeji. Lakini hata kazi safi huangukia mikononi mwa yule anayeitawala nchi, naye wakati huo alikuwa Kaburu.

MAWE YALIYOFUNDISHA DUNIA

Martin alikwenda pia Brazili, ng'ambo ya Atlantiki, akalinganisha mawe. Kabla yake Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikwisha kufanya hivyo, na mwaka 1927 akatoa kitabu akionyesha jinsi Afrika na Amerika ya Kusini zinavyooana. Namibia ilitoa ushahidi wenye nguvu. Karibu na Keetmanshoop, kusini mwa nchi, yamo mabaki ya mnyama mdogo wa majini aitwaye Mesosaurus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 270 iliyopita. Mabaki yake yamo pia Brazili. Kiumbe mdogo kama huyo hangeweza kuvuka bahari kuu. Tena, milima ya Etendeka, kaskazini-magharibi mwa Namibia, imejengwa kwa tabaka za volkano zenye umri wa miaka milioni 132 hivi, na ndugu zake wako Brazili. Yalikuwa mabonde na milima ya nchi moja kabla mabara hayajaachana. Wakati wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakilicheka wazo hilo, mawe ya Namibia yalikuwa yakilithibitisha.

Yapo mengine. Mwaka 1908, mwaka ule ule wa Lewala, Paul Range na Hans Schneiderhöhn waliona kusini mwa nchi alama za ajabu katika jiwe la mchanga, mfano wa majani ya mgomba yaliyochapwa. Zilikuwa ni alama za viumbe wenye miili laini walioishi baharini miaka milioni 550 hivi iliyopita, kabla ya samaki, kabla hata ya konokono wa leo. Ni miongoni mwa viumbe wakubwa wa kwanza kabisa kujulikana duniani, na mmojawapo alipewa jina la Rangea.

Mwaka 1998 Paul Hoffman na wenzake walitangaza jambo lililozua mjadala mkubwa. Katika miamba ya kundi la Otavi, kaskazini mwa Namibia, waliona mashapo yaliyoachwa na barafu, na juu yake moja kwa moja tabaka la mawe ya chokaa, ambayo aghalabu hujengeka katika bahari yenye joto. Walieleza kwamba zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita barafu iliifunika dunia karibu yote, hata nchi za ikweta, kisha hewa ya ukaa iliyotoka katika volkano ikalimbikizana angani mpaka joto likaiyeyusha barafu hiyo kwa haraka. Wataalamu bado wanajadiliana barafu ilienea kwa kiasi gani, lakini kila anayesoma somo hilo hulazimika kuyataja mawe ya Namibia, jangwa la jua kali lililowafundisha watu habari za barafu.

URANI NA AMRI YA MWAKA 1974

Twende sasa nyuma ya pwani ya Swakopmund, katikati ya Namibia, kwenye mgodi wa Rössing. Mwaka 1928 Peter Louw aligundua kwamba miamba ya hapo ina urani. Dunia haikuwa na haja nayo wakati ule. Baada ya mabomu ya atomiki na vinu vya umeme wa nyuklia haja ikawa kubwa, na katika mwaka 1966 kampuni ya Rio Tinto ikapata haki za eneo hilo. Uchimbaji ulianza mwaka 1976.

Angalia miaka hiyo. Katika mwaka 1966 Umoja wa Mataifa ulikwisha kuifutia Afrika Kusini haki ya kuitawala nchi hiyo, na mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ikasema kwamba kuwapo kwake huko ni kinyume cha sheria. Desemba 1971 vibarua wa mkataba waligoma Windhoek, Walvis Bay, Tsumeb na kwingineko. Walidai wachague kazi wenyewe na waishi na wake na watoto wao, badala ya kufungiwa mabwenini kwa miezi mingi. Mfanyakazi yeyote wa mjini anayesoma ukurasa huu jioni, watoto wakiwa pembeni yake, ataelewa uzito wa dai hilo.

Septemba 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia lilitoa Amri Namba 1: mtu asitafute wala kuchukua wala kuuza mali ya asili ya Namibia bila idhini ya Baraza. Urani iliendelea kusafirishwa hata hivyo, na sheria za Afrika Kusini zilikataza habari za uzalishaji wake zisitangazwe. Wenye ardhi hawakuruhusiwa hata kujua ni kiasi gani kilichokuwa kikitolewa katika ardhi yao.

Watanzania hawakuwa watazamaji katika habari hiyo. Chama cha SWAPO kilikuwa na ofisi yake Dar es Salaam, na tangu mwaka 1964 wapiganaji wake walikuwa na kambi Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1976 ilifunguliwa Lusaka taasisi ya kuwaandaa Wanamibia kuziongoza idara za serikali watakayoiunda. Walijua kwamba bendera peke yake haitoshi. Anayepandisha bendera bila kujua kilichomo chini ya ardhi yake atauziwa tena mali yake mwenyewe.

RAMANI MIKONONI MWA WENYEWE

Uhuru ulipatikana tarehe 21 Machi 1990. Katiba ya Namibia, katika kifungu cha 100, inasema kwamba mali ya asili iliyo juu na chini ya ardhi ni ya Dola, ikiwa haina mwenyewe kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1994 serikali iliingia ubia wa nusu kwa nusu na kampuni ya De Beers katika almasi, na kampuni ya Namdeb ikazaliwa. Ndege zilizobeba vyombo vya kupima nguvu za sumaku zimepita juu ya nchi, na habari zake zimo katika idara ya jiolojia Windhoek. Chuo Kikuu cha Namibia kinafundisha vijana somo hilo. Eneo lililokuwa marufuku tangu 1908 lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Kazi haijakwisha. Mwaka 2022 mafuta yaligunduliwa chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Orange, na makampuni yaliyoyagundua ni ya kigeni. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje madini ya lithiamu yasiyosindikwa, ikitaka kazi na faida vibaki nyumbani. Namibia bado ni nchi ambamo tofauti kati ya tajiri na maskini ni kubwa mno. Kumiliki ramani ni hatua ya kwanza. Kugawana kilichomo katika ramani ni hatua ngumu zaidi.

Nasi tuna la kujifunza hapa. Nchi yetu imejaa dhahabu, tanzanaiti, makaa ya mawe na gesi, na katika kila wilaya wapo wazee na wachimbaji wadogo wanaojua jiwe lipi linapatikana bonde gani. Ujuzi wao huandikwa na nani? Mwanao akirejea kutoka mtoni na jiwe mfukoni, usimfokee alitupe. Muulize amelitoa wapi, limekaaje, limefanana na nini. Kisha mpeleke shule akajifunze jina lake, na akiwa mkubwa ajue pia ofisi ya kwenda kuliandikisha kwa jina lake mwenyewe.